Masomo Tisa ya Samah

Simu ya Samah ilifutwa siku ya tatu, baada ya hitma, sufuria za pilau zikiwa bado zimerowekwa uani. Aliyeifuta ni kaka yake, Nizar, na aliyeamuru ifutwe ni mama yao, Bi Jawaher. Hakuna aliyeona ajabu. Siku hizi kwao Wingwi, Pemba, mtu akishazikwa, nguo zake hutolewa sadaka na simu yake husafishwa. Shehe mmoja alipata kuliwaidhi jambo hilo msikitini, na likawaingia watu barabara: picha uliyopigwa kichwa wazi harusini, wimbo ulioupenda ukauweka, kila atakayekuja kuitazama au kuusikiliza baada yako, na wewe huko uliko unaandikiwa dhambi. Basi watu wakawa wanazifuta simu za maiti wao kwa huruma ile ile wanayowafumba nayo macho.

"Simu hino ina mapicha ya harusi ya shoga yake Umkulthum," Bi Jawaher alimwambia mwanawe, sauti imemkauka kwa kulia. "Nywele nje, mikono nje. Ifute, baba. Ifute yote, isibaki hata chembe. Sitaki mwanangu ahisabiwe kwa picha."

Nizar akakaa barazani na simu ya dada yake mapajani. Juu ya kioo palikuwa na vijitaarifa chungu nzima, salamu za pole kutoka Unguja, Dar es Salaam na Maskati, za watu waliomwandikia marehemu kana kwamba atasoma. Akavifagia vyote kwa kidole kimoja. Kimojawapo kilikuwa na alama ya kitabu na tarakimu ya tisa. Alikiona. Hakukisoma. Simu ikamwuliza kama ana hakika, akajibu kuwa ana hakika. Baada ya dakika tano ikawaka upya, nyeupe, ikitaka kujua mwenyewe anatumia lugha gani.

Samah alikuwa mwalimu wa Baiolojia katika skuli ya sekondari ya hapo kijijini. Alikufa na miaka thelathini na mitatu. Alikuwa mkali darasani, mwenye mzaha nyumbani, na wanafunzi wake walimwogopa na kumpenda kwa kiasi kimoja. Figo zilipoanza kumwendea kombo alipelekwa Unguja, akatibiwa kadiri ilivyowezekana, na mwisho akaambiwa arudi akakae na wazee wake. Maneno hayo hayataki mkalimani. Samah aliporudi hakulia mbele ya mtu. Aliomba mto wa kuegemea, akaomba na simu yake.

Alikuwa na wanafunzi thelathini na wawili wa kidato cha nne, mtihani wa taifa ni Novemba, na skuli haikuwa na mwalimu mwengine wa somo lile. Lilikuwepo jukwaa la masomo la mtandaoni ambalo skuli ilikwisha kujisajili nalo. Wanafunzi walilifungua kwenye kompyuta nne za maktaba, wamejazana mbele ya kioo kimoja. Samah akatia aplikesheni ya jukwaa hilo kwenye simu yake, akaanza kuwarekodia. Aliahidi masomo arobaini.

Mtu anaweza kusema kwamba masomo ya Baiolojia yamejaa mtandaoni, ya nini mgonjwa kujitesa? Ni kweli yamejaa, Kiingereza kinamwagika humo kama mvua ya masika. Lakini Samah alikuwa akisoma sentensi moja ya Kiingereza kitabuni, halafu anaifumua kwa Kipemba cha Wingwi hasa, chembe hai inavyonyonya maji akaifananisha na kunde zilizorowekwa tangu asubuhi, mpaka mtoto mzito kuliko wote akasema, kumbe ndiyo hivyo tu! Somo la namna hiyo hulikuti popote duniani ila kwa mtu mmoja.

Nizar alikuwa akifanya kazi ofisini Chake Chake, na yeye mwenyewe alikuwa akisoma stashahada ya uhasibu kwenye jukwaa lile lile. Lakini hakuwa na aplikesheni. Alisomea kwenye kompyuta ya mezani ya ofisi, baada ya saa za kazi, kwa kupitia brauza, na akijivunia jambo hilo kama mtu anayejivunia kunywa chai bila sukari. Kila Ijumaa alipokuja nyumbani, ndugu hao wawili walikuwa na ugomvi wao.

"Brauza yako yataka mtandao kila dakika," Samah alimwambia, "kama mtoto mchanga na ziwa la mamake. Ukikatika mtandao, na wewe kwishnei. Mie huku kwetu mtandao waja ukipenda. Aplikesheni hino narekodi hata pasipo na mtandao, yaniwekea. Nikiupata, yapandisha yenyewe."

"Ndo maana simu yako imejaa, hata kupumua haiwezi," Nizar akajibu. "Mie siweki kitu ndani ya kompyuta. Kila kitu kiko kule juu mtandaoni. Kompyuta ya ofisi ikiungua leo, kesho nafungua nyengine, naikuta kazi yangu yanisubiri."

"Yako iko juu. Yangu imo humu mpaka ipande. Skiza ninavyokwambia, Nizar."

Nizar hakusikiliza. Alimvuta dada yake kidole cha mguu, akamwambia apumzike, kelele za bure zinamchosha. Watu wanaopendana hawasikilizani sana. Wanadhani kesho wapo, wataambiana tena.

Alipokuwa na nguvu, Samah alipelekwa Konde kila Alkhamisi na mwalimu mwenzake, Ummi, kwa gari la mumewe Ummi. Huko mtandao una kasi. Walikaa garini wakila mishikaki, simu ikipandisha masomo ya wiki nzima, kisha wakarudi. Yakapanda masomo thelathini na moja. Wiki nne za mwisho hakuweza tena kuinuka. Aliendelea kurekodi kitandani, mama yake amemshikia simu karibu na mdomo, kwani mkono ulikuwa haumtii. Bi Jawaher alimaliza msahafu mara nyingi maishani mwake, lakini skuli ya serikali hakuisoma. Alikaa pale kimya, kipepeo chake cha ukili kimewekwa chini kisilete mlio, akisikiliza mwanawe akiwafundisha watoto wa watu.

Wiki mbili baada ya mazishi, Mwalimu Ummi alimpigia Nizar simu ofisini. Watoto wamemaliza somo la thelathini na moja, wanauliza yaliyobaki yako wapi, maana maktaba wanayaona majina tu.

"Yapo, Mwalimu," Nizar akasema bila wasiwasi. "Pengine kompyuta zenu tu. Hebu niyaangalie."

Alilijua neno la siri la Samah. Lilikuwa jina la paka wao wa utotoni. Akafungua brauza, akaingia, na orodha ikashuka mbele yake, majina arobaini yamepangwa vizuri kama safu ya swala. Thelathini na moja yalikuwa na rangi ya buluu. Tisa ya mwisho yalikuwa ya kijivu, na chini ya kila moja palikuwa na maneno yale yale: "Inasubiri kupandishwa kutoka kwenye kifaa." Majina, kwa kuwa mepesi, yaliweza kupanda hata kwa mtandao wa Wingwi. Sauti zilikuwa nzito, zikabaki kwenye simu zikingoja mtandao wa kuzibeba.

Alibonyeza jina la kwanza, kisha la pili. Akafunga akafungua upya. Akahamia kompyuta ya jirani, akaingia tena, akayakuta ya kijivu vile vile. Hapo ndipo alipokumbuka alama ya kitabu na tarakimu ya tisa, na kidole chake mwenyewe kikiifagia. Aliinamisha kichwa juu ya meza, na mwenzake wa ofisini, akidhani analilia msiba, akamwekea mkono begani akamwambia hiyo ndiyo dunia.

Simu yenyewe ilikuwa imekwisha kupewa Kazija, binti ya mama yao mdogo, huko Mtambile. Nizar alikwenda siku ile ile, akambadilishia kwa yake, akampelekea fundi Hamzah, ambaye Chake Chake yote inamwamini kwa simu zilizozama na zilizovunjika. Hamzah aliiunga kwenye mashine yake, akahangaika nayo hadi adhana ya alasiri, kisha akaichomoa, akaifuta vumbi na kumrudishia kwa mikono miwili.

"Zamani ungeokota okota kitu," alisema. "Simu hizi za sasa zikifutwa zimefutwa. N'samehe, ndugu yangu. Ilikuwa na nini?"

"Dada yangu," akasema Nizar.

Angekuwa na la kupambana nalo, angepambana. Lililomtisha zaidi ya yote lilikuwa nyumbani. Wiki ile ile Bi Jawaher alianza ada mpya. Kila siku baada ya alasiri alitandika mkeka ukumbini, akajitupia kanga, akamwambia mwanawe: "Nifungulie somo." Hakutaka zaidi ya somo moja kwa siku, kama mtu anayekula chakula cha akiba. Nizar aliomba likizo, akawa anamfungulia kwenye kompyuta ndogo ya kuazima. Sauti ya Samah ikajaa ukumbini, ikifoka kidogo, ikicheka kidogo, na mama yake akaitikia "naam" kila iliposema "mmenielewa?"

Siku waliyofika kwenye somo la figo, Samah alieleza zinavyochuja damu na kinachotokea zikichoka, bila sauti yake kutetereka popote.

"Na hapo alikuwa keshajua yake," Bi Jawaher alisema.

"Alikuwa keshajua, mama."

"Na hakuwambia wanafunzi wake."

"Hakuwambia."

Bi Jawaher akalifuta jasho usoni kwa ncha ya kanga, ingawa halikuwa jasho. Hilo lilikuwa somo la ishirini na tisa. Nizar alihesabu: zimebaki siku mbili. Akafikiria kumwambia mama kwamba Samah hakuwahi kurekodi mengine, lakini uongo huo ungesimama wapi, na mama ndiye aliyeishika simu? Akafikiria kusema kwamba jukwaa limeharibika. Akafikiria hata kurudia somo la kwanza na kulipa jina la thelathini na mbili. Mama yake asingedanganyika. Alishawahi kumwuliza kwa nini figo ni mbili na moyo ni mmoja.

Na juu ya yote, lilikuwepo lile lililomlemea: mama ndiye aliyesema simu ifutwe. Akiambiwa ukweli, ataubeba yeye. Nizar alikuwa radhi mama achukiwe na dunia nzima kuliko mama ajichukie mwenyewe mara moja.

Siku ya thelathini na mbili mkeka ukatandikwa kama kawaida. "Leo lile la mtoto kufanana na wazee wake," Bi Jawaher akasema. "Hilo nalikumbuka. Tulicheka siku ile. Alisema pua yake ni ya babako, kwangu mie hakuchukua kitu."

Nizar hakuifungua kompyuta. Alikaa mbele ya mama yake, akauangalia mkeka, akasema yote kwa mkupuo mmoja: kwamba masomo tisa ya mwisho yalikuwa ndani ya simu tu, hayakuwa kokote kwengine, na kwamba yamekwenda na ile simu ilipofutwa. Fundi ameshindwa.

Bi Jawaher akaivuta kanga mabegani. "Mie ndiye niliyekwambia ifutwe," akasema.

"La, mama. Kosa langu. Samah alinambia kuwa yamo humo, nikamcheka. Na siku ile simu yenyewe ilinionesha kuna vitu tisa, nikavipuuza. Wewe ulikuwa hujui. Mie nilikuwa najua, sikutaka kujua."

"Nilikwambia isibaki hata chembe," mama akarudia, kana kwamba hakumsikia. Kisha akauliza, polepole: "Na lile la mwisho? La radhi?"

"Na hilo, mama."

Ndipo Bi Jawaher alipolia. Alilia kilio ambacho hakukilia hata siku ya jeneza, mikono imeshika kichwa, na Nizar akamshika mabega. Alipopata pumzi akamweleza mwanawe alichokuwa hakijui. Lile la arobaini halikuwa somo. Samah alikuwa akiwataka radhi wanafunzi wake. Aliona haya kuwaita nyumbani wamwone alivyovimba uso, kwa hiyo akawaomba msamaha ndani ya simu, kwa kuwapiga, kwa kuwafokea, kwa vipindi alivyowakosesha alipokuwa hospitali. Aliwataja mmoja mmoja kwa jina, wote thelathini na wawili, na ikamchukua asubuhi nzima kwa kupumzika kati ya jina na jina.

"Radhi ile haikuwafika," Bi Jawaher akasema. "Mwanangu amelala bila ya kusamehewa, na mie ndiye niliyemzibia mdomo. Nipeleke skuli kesho."

Asubuhi yake akavaa buibui lake la kwendea msibani, wakaenda kwa miguu. Mwalimu Ummi aliwaweka watoto darasani na kuwaambia mama yake Mwalimu Samah ana neno. Walisimama, wakamwamkia, wakakaa. Bi Jawaher hakutaka kiti. Alisimama penye ubao, mwanamke mfupi aliyewahi kuwa mnene, na Nizar akasimama mlangoni.

"Mwalimu wenu alikutakeni radhi kabla ya kufa," akaanza. "Kila mmoja kwa jina lake. Mie majina yenu siyajui, na sauti yake haipo. Kwa hiyo nakutakeni radhi kwa ajili yake. Aliyepigwa, aliyefokewa, aliyetolewa nje. Mumsamehe."

"Tumemsamehe, bibi," darasa likajibu kwa pamoja, na wasichana wa mbele wakaanza kulia.

"Mungu akulipeni. Sasa na mie." Akashika ukingo wa meza. "Alikusomesheni masomo mengine manane kabla ya hilo la radhi. Nilikuwepo. Nimeishika simu kwa mkono wangu huno. Baada ya kufa, nikaamrisha simu ifutwe. Sikujua yamo humo. Nimekesha usiku kucha nikijaribu kuyakumbuka nikuleteeni. Nakumbuka alisema mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, na kuna kinachojificha hata kikaja kutokea kwa mjukuu. Kulikuwa na neno hapo, alilisema mara tatu. Limenipotea." Akatikisa kichwa. "Nakutakeni radhi, wanangu."

"Tumekusamehe, bibi," wakajibu, safari hii kwa sauti za kupishana, mmoja huku na mmoja kule.

Msichana mmoja wa safu ya pili hakujibu. Jina lake Masika. Alikuwa na daftari kubwa mbele yake. Mwalimu Ummi alijua lile daftari: Masika alikuwa akikaa maktaba mpaka inafungwa, akirudisha sauti ya Samah nyuma na kuiandika neno kwa neno, na kwa kazi ile uso wake haukutaka mzaha. Sasa lilikuwa wazi kwenye ukurasa uliokuwa na kichwa cha somo la thelathini na mbili, kimepigiwa mstari kwa rula, na chini yake hamna kitu. Alikwisha kuandika na vichwa vingine vyote hadi cha arobaini, akiacha kurasa nne nne.

"Masika," Mwalimu Ummi akamwita kwa sauti ya chini. "Bibi anakusubiri."

Msichana akasimama kwa adabu, mikono nyuma. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti ilikuwa yake. "Mwalimu nimemsamehe," alisema. "Wewe bado, bibi. Sijaweza."

Wenzake wakageuka kumtazama. Mwalimu Ummi akafungua mdomo amkaripie, Bi Jawaher akamzuia kwa mkono. Nizar akatoka pale mlangoni akasogea mbele. Hakuweza tena kumwacha mama yake peke yake penye ubao.

"Aliyefuta si yeye," akasema. "Ni mimi. Niliambiwa, nikaoneshwa, na nikafuta. Yeye hajui haya mambo."

Masika akamtazama kama anayepima.

"Na wewe pia," akasema, akakaa.

Bi Jawaher akaitikia kwa kichwa. "Ni haki yako, mwanangu," alimwambia. "Hailazimishwi." Kisha akamshika Nizar mkono, wakatoka wakipita katikati ya uwanja wa skuli, polepole, na nyuma yao Mwalimu Ummi akawa anawaambia watoto wafungue vitabu vyao vya Baiolojia, vile vya Kiingereza.